Tumbili wa Baa, Kasa wa Ushongo: Safari Yetu ya Tanga hadi Bagamoyo

Jumamosi, Tanga mjini

Gari ni Noah ya kukodi. Nyuma tumepakia spika, betri, turubai na picha kubwa tulizochapisha Ngamiani. Tuko watatu: mimi niliye mwalimu wa baiolojia, mzee mmoja aliyestaafu uaskari wa wanyamapori, na kijana dereva, mzaliwa wa Pangani, anayeijua njia ya pwani mpaka Bagamoyo shimo kwa shimo. Tumetoka kuwaomba watu jambo moja: waache kuwafunga wanyama wa porini ili wachezewe na kutazamwa. Mbuzi, punda na paka wa jikoni hawamo. Tunamsemea tumbili wa baa, chatu wa kupigiwa picha, kasa wa bwawa la hoteli, kinyonga anayetolewa kichakani Usambara ili mgeni amshike dakika mbili na kuacha noti.

Hatukuhitaji kwenda mbali. Nje kidogo ya mji kuna baa yenye mwembe mkubwa, na chini ya mwembe kuna tumbili dume. Kiunoni kavalishwa mkanda wa ngozi, na pale mkanda unapokaa manyoya yamekwisha, ngozi imebaki nyekundu. Kamba inamfikisha kwenye shina na kwenye meza ya kwanza, basi. Anakwenda, anageuka, anarudi, anageuka pale pale, na udongo anaoukanyaga umekuwa mgumu hauoti nyasi. Wateja wanamrushia karanga. Mmoja alimpa bia kwenye kifuniko cha chupa, na alipokunja uso wakacheka.

Nilimtazama mpaka chai yangu ikapoa. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya tumbili wa Amboseli, Kenya. Walirekodi milio ambayo tumbili huonyana nayo, kisha wakairudia kwa spika iliyofichwa vichakani. Kwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu au kujitupa kichakani. Kwa mlio wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakaikagua nyasi. Kila adui ana mlio wake, na mtoto hujifunza kuutumia sawasawa kwa kukaa na wakubwa zake. Huyu wa chini ya mwembe, mwewe alipopita, alitoa mlio mfupi, akatazama pande zote, akanyamaza. Hakuna wa kumjibu. Kwangu mimi hicho ndicho kifungo hasa, kuliko hata ile kamba.

Mwenye baa alimpa mzee shikamoo, akatuagizia soda. Swali lake alikuwa nalo tayari, na ni swali la haki.

"Mzee, mbuzi tunafunga, ng'ombe tunafunga. Kwa nini huyu ndiyo iwe kesi?"

"Mbuzi kazaliwa zizini, mwanangu, na mama yake zizini, na bibi yake zizini. Huyu mama yake yuko wapi?"

Alisema hajui; alimnunua kwa vijana wa mashambani, akiwa mdogo wa kukaa kiganjani. Mzee akamweleza jinsi mtoto wa kukaa kiganjani anavyopatikana, maana kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuwafuatilia wanaofanya hivyo. Mtoto wa tumbili hung'ang'ania tumboni kwa mama yake, na mama hamwachi. Basi mama hufukuzwa kwa mbwa mpaka kwenye mti ulio peke yake, hupigwa mawe mpaka aanguke, na mtoto hubanduliwa kwenye mwili wake. Anayelipia mtoto amemlipia na mama, ajue asijue.

"Basi nimkatie kamba sasa hivi?"

Tukamkataza, na nataka msomaji alishike hili. Tumbili aliyelelewa kambani hajui kundi, na kundi atakaloliingilia litamng'ata. Akikosa chakula atarudi kwenye majiko ya watu, na huko atauawa. Anatakiwa achukuliwe na afisa wanyamapori, apimwe magonjwa, azoeshwe wenzake taratibu. Mzee akamtajia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009: wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais mwenyewe amewashika kwa dhamana tu. Kumkamata au kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama umemnunua kwa fedha yako halali. Akaandika namba ya simu ya ofisi nyuma ya risiti, akamkabidhi mwenye baa apige mwenyewe. Hatukumtishia. Mtu aliyeamua mwenyewe hatanunua mwingine.

Njiani kurudi mzee alikumbusha habari ya Machi 2016, tumbili 61 walipozuiwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa safarini kwenda Albania. Mwezi Mei mwaka huo serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ikatangazwa ruhusa ya muda kwa wafanyabiashara kumalizia wanyama waliobaki nao. Watu wakapiga kelele, na ndani ya siku chache ikasitishwa. Kelele hizo zilikuwa za Watanzania. Ndiyo maana naamini spika yetu si kazi bure.

Jumapili, Tanga

Tangamano asubuhi, Raskazone jioni. Watu wengi, watoto wengi zaidi, upepo wa kusi uliangusha turubai. Mama muuza mihogo alisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha akauliza kama komba anayelia usiku kwenye mnazi wake naye ni wa serikali. Mzee akamwambia ndiyo, mama, na mnazi ni wako.

Jumatatu, sekondari moja ya kata, Tanga

Nilipewa vipindi viwili vya mfululizo, nikavitumia vyote kwa tembo wanne.

Walikuwa ndama, wote majike. Walikamatwa porini hapa Tanzania, na mwaka 2009 wakafikishwa Karachi, Pakistan. Wawili, Noor Jehan na Madhubala, wakawekwa kwenye bustani ya wanyama katikati ya mji. Wengine wawili, Malika na mwenzake aliyepewa jina la Sonu, wakapelekwa hifadhi ya burudani iitwayo Safari Park, mji huo huo. Sonu alidhaniwa dume. Mwaka 2021 madaktari wa shirika la Four Paws walikwenda kuwapima, wakagundua kuwa ni jike, akaanza kuitwa Sonia. Hapo darasa likaguna. Niliwaacha wagune. Wanaotetea bustani za wanyama husema watu huenda pale kujifunza. Miaka zaidi ya kumi watu walikata tiketi kumtazama tembo huyu, na waliomtunza walikuwa naye kila siku, na bado hakuna aliyemjua hata jinsia.

Aprili 2023 Noor Jehan, akiwa na miaka 17, alikuwa ameshaugua muda na miguu ya nyuma haina nguvu. Alianguka ndani ya kidimbwi cha kizimba chake, wakamwinua kwa kreni. Tarehe 22 akafa. Madhubala alibaki peke yake mpaka Novemba 2024, alipohamishiwa Safari Park akakutana tena na wenzake baada ya miaka kama 15. Mwezi uliofuata Sonia akafa.

Nikaandika ubaoni namba mbili: 16.9 na 56. Ni za utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la Science. Ya kwanza ni umri wa wastani wa kuishi wa tembo jike wa Afrika aliyezaliwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Ya pili ni wa jike wa Amboseli anayekufa kifo cha kawaida bila mkono wa mtu. Bustani ina daktari, ina maji, haina jangili wala ukame, na bado namba ndiyo hiyo. Msichana wa mstari wa mbele aliandika 17 kando ya 16.9 kwenye daftari lake, akapigia mstari.

"Mwalimu, mama zao nao?"

Nilimwambia tembo hubeba mimba miezi 22, na binti wa tembo haondoki kwenye ukoo wake mpaka kufa: mama, mashangazi, bibi anayekumbuka maji yalipo. Ndama hatolewi humo kwa hiari ya mtu yeyote.

Kisha mvulana mmoja wa nyuma akasimama. "Mimi sijawahi kumwona tembo. Baba hana nauli ya kunipeleka mbugani. Mkizuia bustani, mimi nitamwona wapi?"

Katika yote tunayoulizwa, hili ndilo linaloniuma, kwa sababu linatoka kwa mtu asiyetaka ubaya. Mkoa wetu una Saadani upande wa bahari na Mkomazi upande wa Same, na mtoto wa Tanga anamaliza shule hajaiona hata moja. Mzazi akisikia kuna simba kwenye kizimba mjini kwa tiketi ndogo, atampeleka mwanawe, na mimi sina ubavu wa kumlaumu. Lakini tembo anayeyumba mbele ya ukuta hamwonyeshi mtoto tembo alivyo. Kinachotakiwa kupiganiwa ni basi la shule, na nimemwahidi mkuu wa shule kuandika naye barua ya kuomba ufadhili wa safari ya Saadani. Nauli ya darasa zima ni fedha nyingi kwa shule ya kata. Tutaiandika hivyo hivyo.

Nikamuuliza yule mvulana: "Na pomboo umewahi kumwona?"

Akacheka. Wengi wakanyoosha mikono, maana baba zao ni wavuvi. Wakaanza kusimuliana wanavyoruka mbele ya dau, wanavyokuja na watoto wao, wanavyoiba samaki nyavuni. Nilipowaambia kuna nchi ambako pomboo huwekwa kwenye bwawa la zege na kuruka kwa amri ili apewe samaki mfu, walikataa kuamini. Nikawasimulia Tilikum, nyangumi muuaji aliyekamatwa mdogo karibu na Iceland mwaka 1983, akaishi mabwawani hadi alipokufa Florida Januari 2017, baada ya watu watatu kupoteza maisha katika maji aliyofungiwa. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kampuni iliyommiliki ilitangaza kuacha kuzalisha nyangumi hao. India ilishakataza maonyesho ya pomboo mwaka 2013. Watoto hawa wa Tanga hawakuhitaji ushawishi wowote. Wamemwona pomboo akiwa kwake.

Jumanne, Tanga hadi Pangani

Masika bado hayajaisha. Baada ya Tongoni gari lilizama kwenye tope, tukasukuma pamoja na vijana wa bodaboda waliokataa malipo. Pangani tulifika alasiri.

Baada ya isha shekhe alituruhusu kuzungumza barazani kwake, na nilivyokuwa nimejiandaa kusema mambo ya sheria na takwimu, yeye akayachukua mazungumzo akayapeleka mahali nisipoweza kuyafikisha. Alianza na hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajilie vijidudu vya ardhini.

Bwana mmoja mwenye kasuku wawili nyumbani hakukubali. "Shekhe, yule hakumlisha. Mimi nalisha. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimtania mtoto Abu Umayr na kindege chake, hakumwambia amwachie."

Nilifurahi kwamba kalisema, kwa kuwa hoja kama hiyo ikibaki moyoni mwa mtu, mazungumzo yote ni bure. Shekhe hakuikwepa. Alikiri kwamba kwa hadithi hiyo wanavyuoni wengi wameruhusu kufuga ndege, kwa sharti la kumtunza na kutomtesa. Halafu akaleta nyingine, ya Abu Dawud: masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege mmoja, mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa watoto wake, akaamuru wamrudishie.

"Sasa nyinyi," akasema, "mtoto wa tumbili mnayemfunga kwenye baa, mama yake ameulizwa? Chatu anayepitishwa shingo hadi shingo kutwa nzima, sharti la kutomtesa limetimia? Mimi sisemi kila tundu ni haramu. Nasema kila mtu ajibu swali hilo kwa mnyama wake kabla hajaulizwa siku asiyoweza kujibu."

Yule bwana wa kasuku alitufuata tukitoka. Alitaka kujua kasuku wake, aliowanunua wakubwa, wakiachiwa wataishi? Mzee alimwambia ukweli: kasuku wa kijivu si ndege wa pwani hii, wakiachiwa hapa watakufa. Awape nafasi kubwa, asiwatenganishe, asinunue tena. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotolewa porini imekatazwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama. Nadhani alitarajia ama tumsafishe ama tumlaani.

Jumatano, Ushongo

Kivuko hadi Bweni, kisha mchanga na minazi mpaka Ushongo. Leo sikutoa hotuba yoyote. Kiota cha kasa kilikuwa kinatarajiwa kuanguliwa, na tulialikwa kutazama.

Mbele ya Ushongo kuna kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti. Sasa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika, na mayai yakiachwa huko huzama. Kwa hiyo wahifadhi hukusanya mayai ya Maziwe, huyafukia upya huku bara kwenye mchanga salama, hulinda miezi kama miwili, na siku ya kuanguliwa hualika wageni kwa malipo, na sehemu ya fedha hubaki kwa wanakijiji.

Tulisimama pande mbili tukaacha njia. Hakuna aliyeruhusiwa kushika, wala kuwasha taa ya simu. Mchanga ulitetemeka, ukabonyea, kikatoka kichwa kimoja, halafu wakabubujika, wadogo kuliko kiganja cha mtoto, kila mmoja akipiga makasia yake kuelekea mwangaza wa maji. Wimbi la kwanza liliwarudisha. Wakageuka, wakaanza tena. Mama mmoja wa kijiji, pembeni yangu, alikuwa akiwaita "haya, wanangu, haya, haya" kwa sauti ya chini mpaka wa mwisho alipoingia.

Mlinzi wa viota alinieleza jambo ambalo tangu hapo silisahau. Kitoto cha kasa hutoka yaini na akiba ya kiini cha yai, na akiba hiyo ndiyo mafuta ya kuogelea bila kupumzika mpaka kwenye maji makuu. Nimeona kwenye pwani yetu, kwenye hoteli ambayo siitaji, vitoto vikiwekwa kwenye beseni siku kadhaa vikisubiri wageni wa wikiendi. Vinaogelea humo mchana na usiku, vikigonga ukuta wa plastiki, vikimaliza mafuta yale. Siku vinapoachiwa huku watu wakipiga makofi, vinaingia baharini vikiwa hoi. Aliyeviachia anaamini kafanya wema.

Na yule mkubwa wa bwawani, anayelishwa majani ya kabichi mbele ya kamera? Kasa jike husafiri mamia ya kilomita, wengine maelfu, kisha hurudi kutaga kwenye fukwe za eneo alikozaliwa. Bwawa la hatua kumi haliwezi kumpa safari hiyo, hata maji yakibadilishwa kila siku.

Ushongo wanalipwa kwa kusimama pembeni. Hicho ndicho ninachotaka kila mji wa pwani uje kukiona.

Alhamisi, Mkwaja na Saadani

Simu ya mzee iliita tukiwa bado na uji mkononi. Mwenye baa wa Tanga alipiga ofisi, wakaenda na kizimba cha kusafirishia, tumbili kachukuliwa. Wateja wawili walimnunia. Kaweka bao chini ya mwembe.

Mkwaja tulipokelewa na hasira, na walikuwa na haki. Wakulima walituonyesha mahindi na migomba iliyolazwa usiku wa kuamkia jana. "Hao tembo wenu mnaotaka wawe huru, njooni mlale nao," alisema baba mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha akipiga madebe. "Wapelekeni huko Karachi wote."

Sikumtolea zile namba 16.9 na 56. Mtu aliyepoteza chakula cha mwaka haelezwi hivyo. Mzee alikaa naye chini, wakazungumza mambo ya kweli: uzio wa kamba zenye oili chafu na pilipili, mizinga ya nyuki, namna ya kuandika madai ya kifuta machozi mapema kabla ya siku kupita. Naandika haya kwa sababu wengi tunaotetea wanyama tunaruka sehemu hii. Tukimwachia mkulima mzigo peke yake, atakayekuja na fedha ya kununua ndama atapata wa kumwonyesha njia.

Mchana tuliingia Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005. Ngiri walikuwa wanapiga magoti wakila nyasi karibu na nyumba. Twiga watatu walisimama njiani, dereva akazima injini. Mmoja akainama kututazama, akatafuna, akaondoka kwa mwendo wake ule wa miguu ya upande mmoja pamoja.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akataja Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100 walipopakiwa kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar pale uwanja wa Kilimanjaro, wakiwemo twiga wanne. Mwaka 2014 mahakama ilimhukumu raia mmoja wa Pakistan kifungo cha miaka 60 kwa kesi hiyo. Nilimuuliza twiga wenyewe. Akasema: "Hukumu ilitoka. Wao hawakurudi." Kazi yake yote ya uaskari alilinda wanyama wasiuawe, na anasema ile ndiyo siku alipoelewa kwamba mnyama anaweza kuibwa akiwa mzima, na pengo lake porini likawa sawa na la aliyeuawa.

Ijumaa, njiani

Mvua, tope, Mto Wami, tope tena. Bagamoyo usiku.

Jumamosi, Bagamoyo

Ufukweni karibu na mji mkongwe kulikuwa na kikundi cha ngoma ya nyoka. Ngoma hii asili yake Usukumani, kwa Bayeye, watu waliobobea katika nyoka na dawa za sumu zake, na nina heshima kubwa kwa elimu hiyo. Niliketi nikaitazama yote. Ngoma ilikuwa nzuri sana. Nilichokuja kukizungumza ni kilichofuata: ngoma ilipokwisha, chatu alipitishwa kwa wageni, shingo kwa shingo, picha kwa picha, jua la saa sita likiwa kichwani.

Kiongozi wa kikundi alinikaribisha nyuma ya turubai. Nilimwita manju, akanicheka kwa furaha kwamba nalijua neno.

"Manju, chatu hana kope," nilimwambia. "Hafumbi macho, halii, hakimbii. Hivyo mgeni hawezi kujua amechoka lini. Mwili wake hauna moto wake mwenyewe. Akiwekwa juani hana pa kuupunguza. Porini angekuwa amejikunja kivulini siku nzima. Hapa ameshikwa na watu wangapi leo?"

Hakuhesabu. Alikubali kwamba chatu aliyetangulia alikufa, na wa kabla yake. Lakini pia aliniambia bila kuficha: ngoma watu hutazama bure, picha na chatu ndiyo hulipwa, na wachezaji wana familia. Tuliongea mpaka wachezaji wakaanza kukunja vitu. Sikumshawishi aache nyoka. Alichokubali ni kwamba picha za shingoni zisimame kwa sasa, na kofia ipitishwe ngoma ikiendelea, watu wakiwa bado wamekaa. Sijui kama atalishika wiki mbili mbele, na kibali cha yule chatu hakikuonyeshwa. Mzee amekwenda kulizungumza na afisa wanyamapori wa wilaya, bila kumtaja mtu kama mhalifu.

Jumapili, Bagamoyo

Kijana mmoja aliyejiunga nasi hapa alipendekeza tusimame mbele ya Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara ya kutoka bara, na mabango yanayofananisha vizimba na minyororo ya watumwa. Nilikataa. Wanaoishi mji huu, wengi ni wajukuu wa waliopitishwa hapa kwa miguu kutoka bara. Huzuni yao si chombo cha kuazima kwa hoja nyingine. Mateso ya tumbili yanatosha kuelezwa yenyewe.

Badala yake tulikutana na waongoza watalii kwenye kibaraza karibu na soko la samaki. Swali lao la kwanza: "Mwalimu, wazungu kwao wana bustani za wanyama chungu nzima. Sisi ndio tufundishwe?"

Nikawaambia habari ya tembo mtoto aliyeitwa Pole Pole. Alikamatwa Kenya, akatumika kwenye filamu, kisha serikali ikampeleka zawadi kwenye bustani ya wanyama ya London. Akafa mwaka 1983 akiwa bado kijana. Kwa uchungu wa kifo chake, waigizaji Virginia McKenna na Bill Travers, waliokuwa wamecheza naye, walianzisha mwaka 1984 kampeni ya Zoo Check, iliyokuja kuwa shirika la Born Free. Mwaka 2001 bustani ile ikawahamisha tembo wake wote kutoka mjini. Kwa hiyo mnyama wa Afrika Mashariki ndiye aliyewafundisha. Na nchi ya kwanza duniani kukataza wanyama wote kwenye sarakasi haikuwa ya Ulaya: ni Bolivia, mwaka 2009. Uingereza ilifuata Januari 2020 kwa wanyama wa porini, Ufaransa ikatunga sheria yake 2021, Costa Rica ikafunga bustani za wanyama za serikali 2024. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa CITES Geneva, nchi nyingi za Afrika zilisimama mstari wa mbele kubana biashara ya kuuza tembo hai waliotolewa porini.

Halafu ikaja fedha, na hapo ndipo mkutano ulipokuwa mkutano. Mwongozaji akimpeleka mgeni kwa mwenye nyoka au mwenye tumbili, anapata elfu tano mkononi. Dada mmoja aliyefanya kazi hii muda mrefu akasema waziwazi kwamba hataiacha elfu tano kwa maneno mazuri. Akauliza: kwenye mdomo wa Ruvu kuna viboko na mikoko iliyojaa ndege, kwa nini mgeni asipelekwe huko, na mwongozaji alipwe na mwenye boti? Nahodha aliyekuwa amekaa pembeni akisuka kamba akainua kichwa, akataja bei. Wakampigia kelele. Akashusha. Wakamwambia bado.

Wakabishana mpaka magharibi. Walichofikia ni hiki: kesho alfajiri maji yakijaa, nahodha anawachukua waongozaji bure, wakajionee wenyewe watamwonyesha mgeni nini, ila mafuta ya mashine wanachangia. Bei ya mgeni itapangwa wakirudi. Yule dada ameshakusanya michango, na ameniambia kama nataka nafasi nilipe kama wengine. Nimelipa.